Farasi Tisa Kutoka Dubai

Dubai, 4 Machi 1995

Dada Benedikta,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na Victoria, na duka linakwenda. Mimi huku sijambo. Joto lenyewe bado, lakini wenyeji wananiambia likianza nitaikumbuka Masasi nione kama nilikuwa naishi ndani ya friji. Mwambie Victoria mjomba wake hajamsahau, kuna saa ya mkononi namtafutia.

Nisamehe kwa kimya cha miezi minne. Ni kazi, dada. Mwenye kampuni ameniamini mno. Sasa mimi ndiye msimamizi wa mauzo ya nje kwa upande wa Afrika Mashariki, kontena halifungwi bila mimi kuliona. Picha niliyokuwekea nimepigwa mbele ya gari la kampuni. Ukimwandikia Mama, umtumie na yeye aione.

Sasa lililonifanya niandike. Tangu serikali iache watu waingize mali, nasikia kila mtoto wa tajiri pale Kariakoo ana gari la michezo kutoka Japani. Wewe bado unauza mikanda ya feni na pete za pistoni kwa mafundi wa malori. Nakuletea kitu kipya: vifaa vya kuongeza nguvu. Hufungui injini, hugusi pistoni. Spana tu. Unachomoa cha kiwandani, unafunga chetu, zile nguvu za farasi zinaongezeka. Kuna filta ya hewa ya wazi, ekzosi pana, mikono ya ekzosi, yale mabomba yanayotoka kwenye injini, plagi, na kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta ya gari. Kila katoni imeandikwa juu yake farasi wangapi wanaongezeka, kwa hiyo huna haja ya kumweleza mteja chochote. Anasoma mwenyewe, anabeba.

Nijibu haraka ili mzigo upande meli.

Mdogo wako,
Athanas


Gerezani, Dar es Salaam, 2 Aprili 1995

Athanas,

Marahaba. Barua yako imeletwa na mama mmoja wa vitenge aliyekaa nayo kwenye begi wiki tatu, akaikumbuka alipokuwa anatafuta dawa ya tumbo. Sisi wazima. Victoria yuko kidato cha tatu, hesabu anazimeza. Mama kule Masasi meno mawili yamepungua, ulimi haujapungua hata kidogo. Mvua zimeanza, mtaa mzima wa Gerezani ni tope na grisi, ukivaa viatu vyeupe watu wanajua wewe mgeni.

Picha nimeiona. Gari zuri. Wewe umekonda. Na vidole vya mkono wa kulia vyeusi tii, mpaka kwenye kucha. Msimamizi wa mauzo ya nje anashika nini huko kinachochafua hivyo? Naomba uniambie unalala wapi na unafanya kazi gani hasa. Swali dogo, jibu lake lingeenea kwenye mstari mmoja.

Sasa hao farasi wako. Mimi farasi niliyemjua ni yule wa Mtakatifu Joji ukutani kanisani kwetu, na hata yeye sikuwahi kumwona akitoka ndani ya katoni. Ebo! Kwa hiyo wenye kiwanda kule Japani, watu wamesoma mpaka vichwa vimeota upara, wamesahau farasi kumi na kitu nje ya injini, wamemngoja mtoto wa Masasi aje awafunge kwa spana namba kumi na mbili?

Nisikilize. Tangu Baba Victoria afariki nimekaa kwenye fremu hii ya duka miaka tisa. Ni fremu ya kupanga kwa mzee Indravadan, unamjua, ina upana wa milango miwili. Sina mtaji mkubwa na sina maneno matamu. Nina kitu kimoja. Nikimwambia fundi "hii orijino", haigeuzi mara mbili mkononi, anaweka mfukoni anaondoka. Wauza spea tuko mia hapa, na mtu anatembea kutoka Ilala kuja kuuliza kwangu. Hicho ndicho ninachokula mimi na Victoria. Usije ukanichezea nacho.

Ukinitumia, nitapokea kwa sababu wewe ni ndugu yangu. Kuuza ni habari nyingine.

Dada yako,
Benedikta


Dubai, 20 Mei 1995

Dada,

Shikamoo, na pole kwa mvua. Nimefurahi kusikia Mama bado ana ulimi. Huku joto limeanza, chuma ukikishika mchana unaacha ngozi.

Dada, wewe unanidharau tangu nikiwa na kaptula. Huku watu wazima wenye suti wananunua vifaa hivi. Katalogi zimeandikwa, picha zipo. Gari likifungwa ile ekzosi linanguruma mpaka vioo vya maduka vinatetemeka. Hiyo siyo nguvu, ni nini? Wewe na yule fundi wako mzee, Mwinyimvua, mmebaki kwenye mambo ya karakana ya reli, na karakana yenyewe imeshawapunguza watu. Wakati umebadilika.

Mzigo umeondoka tarehe kumi na mbili. Katoni arobaini. Usiwe na wasiwasi wa wateja, mteja wa kwanza nimeshakutafutia mimi mwenyewe, utamwona. Utanishukuru.

Saa ya Victoria bado naitafuta iliyo nzuri.

Athanas


Gerezani, 9 Julai 1995

Athanas,

Mimi mzima, Victoria mzima, salamu zako za Mama nimezifikisha. Kama kawaida swali langu hukuliona. Labda wino ulififia njiani.

Katoni zako zimefika, nimezipanga mpaka darini. Juzi jioni nikamwita Victoria ajumlishe. Filta, farasi kumi na saba. Ekzosi, ishirini na moja. Mikono ya ekzosi, ishirini na saba. Plagi, saba. Kile kidude, arobaini na moja. Mtoto akaweka kalamu chini akaniangalia. Mia moja na kumi na tatu! Gari lenyewe kutoka kiwandani lina mia moja sitini na tano. Plagi nne, kila moja urefu wa kidole changu, farasi saba. Akaniuliza, "Mama, tukifunga plagi nane?" Nimemzaa mwenyewe huyu, ana akili kukushinda wewe na kontena lako.

Namba hizo nimezitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nitanyamaza kwa sasa.

Mteja wako amekuja. Jeet, mtoto wa mwisho wa mzee Indravadan! Wewe kati ya watu wote wa Dar es Salaam umemchagua mtoto wa mwenye fremu yangu! Amekuja na Celica yake nyekundu, na barua yako mkononi, imepigwa taipu, juu imeandikwa jina la duka langu. "Tunakuhakikishia kwa uchache farasi hamsini." Tunakuhakikishia wewe na nani? Jina langu uliliomba lini?

Kijana wa watu ameshawatangazia binamu zake mji mzima kwamba akifunga vya Dubai atawaacha wote kwenye vumbi. Kesho yake baba yake akaja mwenyewe. Mzee Indravadan hapigi kelele, unajua. Akasimama mlangoni, akasoma zile katoni moja moja, akasema, "Dada Bene, mimi nauza betri na taa miaka thelathini, vifaa hivi sivijui. Kama ni kweli, vizuri. Lakini mwanangu akichekwa kwa kitu kilichotoka ndani ya nyumba yangu, mwisho wa mwezi wa tisa utaniletea funguo."

Akaondoka. Sikulala, Athanas, nakwambia wazi. Miaka tisa.

Asubuhi nikaenda kwa Mwinyimvua. Kule karakana ya reli kazi yake ilikuwa kupima nguvu za injini kwa mashine ya maji, sasa amepunguzwa, anakaa na kisanduku cha spana nje ya duka langu. Nikamuuliza kama nguvu ya gari inaweza kupimwa bila mashine. Akasema inawezekana kwa mizani na saa. Gari linapimwa uzito, halafu linakazwa kwenye gia ya tatu kutoka mwendo wa kilomita sitini mpaka mia, unahesabu sekunde. Uzito ukiujua na sekunde ukizijua, farasi hawana pa kujificha. Saa ninayo, ile ya kubonyeza ya marehemu.

Kwa hiyo tutapima. Kifaa kimoja kimoja, mbele ya Jeet na baba yake. Ikitoka hamsini nitakuandikia barua ya kukuomba radhi, nitaipiga taipu na mimi.

Benedikta


Dubai, 30 Julai 1995

Dada,

Shikamoo. Nimempa barua hii kijana wa mtaa wa Tandamti, pale Kariakoo, anayepanda ndege leo, ikuwahi.

Dada, tafadhali usipime. Kila kitu unachotaka lakini siyo kupima. Nani aliwahi kupima? Mfungie tu, akisikia mngurumo ataridhika mwenyewe. Akilalamika mwambie injini yake imechoka, au petroli ya Dar ni mbaya. Watu wote wa biashara hii wanasema hivyo.

Nakuomba kama ndugu yako.

A.


Gerezani, 17 Septemba 1995

Athanas,

Sisi wazima. Kampeni zimepamba moto, malori ya vipaza sauti yanapita hapa kutwa, kila mmoja anaahidi kama katoni zako.

Tumepima.

Jumapili mbili mfululizo, asubuhi na mapema, misa tukaenda ya pili. Kwanza gari tukalipandisha kwenye mizani ya ghala moja la korosho, likiwa na Jeet ndani kama dereva na Mwinyimvua pembeni na saa. Kilo elfu moja mia tatu sabini na tano. Mwinyimvua akauliza, "Mbona zito hivi?" Jeet akasema, "Ni muziki tu, mzee." Kufungua buti, kuna boksi la spika kubwa kama jeneza la mtoto wa darasa la saba. Mwinyimvua akaandika.

Tukaenda njia ya Pugu, kile kipande kilichonyooka. Mimi na mzee Indravadan tumesimama kando ya barabara na Victoria na daftari lake. Kwenda mara sita, kurudi mara sita, ili upepo usimwonee mtu. Gari kama lilivyotoka Japani: sekunde tano na nukta sita.

Tukafunga plagi zako. Tano na nukta sita. Mwinyimvua akarudia mara tatu kwa heshima yako. Tano na nukta sita. Wale farasi saba, Athanas, nadhani walishuka bandarini wakatoroka.

Filta ya wazi. Kelele zikaanza, linavuta pumzi kama mtu anakoroma. Jeet uso umemwangaza, anapiga usukani, "Mnasikia? Mnasikia?" Tano na nukta sita. Jua lilipopanda, tano na nukta saba. Gari limepungua nguvu! Mwinyimvua akafungua boneti akaweka kiganja kwenye filta, akaniita niweke na mimi. Moto. Ile filta yako inavuta hewa iliyokwisha kupikwa na injini. Kiwandani walikuwa wameweka bomba linalovuta hewa ya nje, nyie mmelitupa, mkasema ni maendeleo. Jumapili ya pili Mwinyimvua akagonga bati la debe, akalikinga na joto, akapitisha bomba mpaka mbele kwenye taa. Ndipo ikashuka, tano na nukta tano. Victoria akapiga hesabu: farasi watatu. Na hao watatu nusu yao ni wa debe la mafuta ya kula.

Ekzosi na mikono yake tukafunga pamoja, kwa sababu kimoja bila kingine hakikai. Loh, makelele! Mbwa wa Pugu wote walitoka. Tano na nukta tatu. Farasi sita. Hapo sikatai, kipo kitu. Kazi ya siku nzima, mafundi wawili wameungua mikono, farasi sita.

Kidude cha kompyuta ndicho kilinitia aibu. Jeet kukanyaga tu, injini ikaanza kugonga kama mtu anatikisa kopo la misumari. Mwinyimvua akapiga yowe, "Achia! Achia mguu!" Kidude kinawahisha cheche, na petroli yetu haiwezi kuwashwa mapema hivyo, ingeendelea tungeokota pistoni barabarani. Tukakichomoa palepale. Nimekitupa kwenye katoni yake na farasi wake arobaini na mmoja, wakae humo wale majani.

Jumla ya Dubai yote: tisa. Uliahidi hamsini kwa barua ya taipu, na mia moja na kumi na tatu kwa katoni. Tisa.

Jeet akasema haiwezekani, yeye amelisikia gari limebadilika. Mwinyimvua akamjibu, "Wewe unasikia, mwenzako saa inaona. Ukitaka kelele tungekutobolea ekzosi bure." Kijana akanigeukia mimi, macho mekundu, "Dada Bene, si barua yako hii?" Barua yangu! Miaka tisa sijawahi kuulizwa hivyo barabarani. Nikamwambia, mbele ya baba yake, "Jina ni langu, maneno siyo yangu. Lakini jina likishawekwa, nabeba mimi. Farasi ni tisa. Unavyovitaka uchukue, usivyovitaka nifungue, na gari lako nilirudishe lilivyokuwa." Nikatoa funguo za fremu kwenye mkoba nikaziweka juu ya boneti.

Halafu Mwinyimvua, bila kumuuliza mtu, akafungua buti akasema, "Nisaidieni hili jeneza." Boksi la muziki likatolewa likawekwa kwenye majani. Kilo sitini. Wakaenda, wakarudi, mara sita na sita. Tano na nukta moja! Kontena zima la Dubai limepunguza nukta tatu. Kutoa spika, nukta mbili, na spana hatukushika.

Mzee Indravadan alicheka, Athanas. Alicheka mpaka akashika goti. "Mwaka mzima," anasema, "mwaka mzima namwambia atoe hilo boksi, mama yake hawezi kulala, jirani hawezi kusali!" Akachukua funguo kwenye boneti akanirudishia mkononi. "Fremu kaa. Lakini hilo boksi lisirudi kwenye gari. Liweke dukani kwako." Jeet mpaka leo hanisalimii. Ekzosi amebaki nayo.

Fremu imebaki, na haikubaki kwa sababu yako.

Sasa lile nililonyamazia. Namba za kwenye katoni zimeandikwa kwa mkono, kwa ile kalamu nene ya wino mweusi. Saba ina mkanda kiunoni. Moja ina pua ndefu inayoshuka mpaka chini. Sista Candida alitucharaza vidole mimi na wewe kwa mwaka mzima mpaka tukaandika hivyo, kama masista wa Kijerumani walivyomfundisha yeye. Waliopita darasani kwa Sista Candida tuko kama mia tatu dunia nzima, na ninavyojua mimi aliyefika Dubai ni mmoja.

Vidole vyako vyeusi kwenye picha. Siku katoni zilipofika nilijua vimeshika nini, nilikuwa nangoja useme mwenyewe.

Katoni ilikuwa tupu juu yake, ukaandika. Ulikuwa unawaza nini ulipoandika saba kwenye plagi?

Benedikta


Dubai, 22 Oktoba 1995

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako niliiweka siku nne bila kuifungua. Niliona bahasha ilivyonenepa nikajua.

Mimi si msimamizi wa mauzo. Ni mbandika lebo. Tuko sita kwenye ghala, tunalala humohumo juu ya dari ya mabati, mchana huwezi kupanda kule, unaiva. Vifaa vinakuja vimetupwa kwenye magunia, havina jina. Tunavifuta, tunavitia kwenye katoni, tunabandika lebo. Kwenye lebo pameachwa nafasi ya namba ya farasi. Siku ya kwanza nilimuuliza bosi niandike ngapi. Akaniuliza, "Watu wa kwenu wanapenda ngapi?" Akanipa kalamu kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wenzangu. Nilifurahi, dada. Huo ndio ukweli. Kitu cha kwanza nilichosifiwa huku ni saba ya Sista Candida.

Plagi niliandika saba kwa sababu sita ilionekana ndogo na nane ilionekana uongo.

Gari la kwenye picha ni la mteja. Alikuwa ameingia kulipa, tukapanga foleni wote sita, kila mmoja akapigwa picha yake.

Jeet nilimwandikia kwa sababu nilitaka uone mzigo wangu unatoka. Sikujua habari ya funguo. Ningejua labda ningeandika vilevile, sijui. Nimekuwa mtu ambaye hajui.

Pasi yangu ninayo, nauli inatosha. Kinachonikalisha huku ni maneno yangu. Nilimwambia Mama siku ya kuondoka kwamba nitarudi naendesha gari langu. Mtaa mzima ulisikia. Sasa nirudi na nini, kalamu?

Saa ya Victoria sijawahi kuitafuta. Usimwambie.

Athanas


Gerezani, 19 Novemba 1995

Athanas,

Marahaba.

Victoria nimemwambia. Amesema saa anayo, ile ya marehemu baba yake, na imempimia farasi wako wote mpaka nukta ya mwisho. Usijisumbue.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nililia, halafu nikakasirika kwa sababu nililia. Unalala juu ya mabati unaiva, na hapa ndugu zako tuna paa! Mjinga wewe. Miezi minane nakuuliza unalala wapi. Ungeniandikia neno moja, "ghala", tusingefika Pugu.

Mama nimemwambia pia, nusu yake. Alivyosikia hurudi kwa sababu uliahidi kuja unaendesha, alisema, "Nani aliyemsikiliza? Mimi nilikuwa nafunga mihogo." Huo ndio mtaa mzima unaouogopa. Hakuna anayekungoja uwanja wa ndege na ngoma, na hakuna anayekungoja akucheke. Watu wana shughuli zao. Unajipa umuhimu kama ile filta.

Sasa hali ya huku. Habari ya Pugu imefika Gerezani yote, mpaka na mbwa wameongezwa. Mafundi wanakuja kwenye fremu wananiuliza, "Mama Victoria, hizi za kweli ngapi?" Nawaambia. Ekzosi na mikono yake, farasi sita, mchoke wenyewe kufunga. Wengine wanacheka wanaondoka. Wengine wananunua. Jana amekuja mtu wa gari la mashindano kabisa, amesema katika maduka yote ya Kariakoo mimi ndiye wa kwanza kumtajia namba ndogo, akachukua tatu.

Lakini katoni bado zina namba zako juu. Nimekata karatasi nyeupe nikazibandika juu ya kila moja kwa uji wa ngano, zote, mpaka za darini. Ziko tupu. Nimejaribu kuandika mwenyewe, mwandiko wangu unaujua, tatu yangu inafanana na kuku aliyekanyagwa. Mwinyimvua hajui kuandika bila kuchora na kipimo. Victoria ana mitihani.

Kalamu nene ya wino mweusi nimenunua. Iko kwenye droo, haijafunguliwa.

Chukua pasi yako upande ndege. Utalala chumba cha nyuma, kina feni. Asubuhi utakaa kwenye kigoda mlangoni, mbele ya watu wote wa Gerezani, utaandika kwa ile saba yako nzuri na moja yako yenye pua, katoni moja moja. Kwenye ekzosi sita, na mikono yake ndani. Kwenye filta tatu, na chini yake "pamoja na bati". Kwenye plagi utaandika sifuri, na nitasimama nyuma yako mpaka umalize.

Dada yako,
Benedikta